Walistiri Vifua, Wakaiacha Toba ya Uongo

Nikiitaja sinema ya The Wicked Lady mbele ya wenzangu barazani, neno la kwanza huwa ni nguo. Kweli, mavazi ya Margaret Lockwood yako wazi kifuani, hata Wamarekani hawakuipokea mpaka baadhi ya sehemu zikapigwa upya, vifua vikastiriwa. Basi wakaridhika. Na ule uovu wenyewe, waliustiri kwa kitambaa gani?

Kwa asiyeiona, picha hiyo ya Leslie Arliss ilitoka Uingereza mwaka 1945, na mwaka uliofuata ikawavuta Waingereza kuliko picha nyingine yoyote. Ni mambo ya mabwana wakubwa wa karne ya 17. Barbara aalikwa harusini na shoga yake, Caroline, naye ampokonya bwana harusi, Sir Ralph Skelton. Ndoa yamchosha upesi. Siku moja ashindwa karata na wifi yake, johari ya marehemu mamake yaenda. Usiku avaa nguo za kiume na barakoa, apanda farasi, alisimamisha gari la wifi yake na kuitwaa johari kwa bastola. Akaonja utamu. Akaungana na Kapteni Jackson, mnyang'anyi wa njiani (James Mason), na katika kupora dhahabu akaua mtu.

Hayo si kitu kwangu. Linalonitisha ni la Hogarth, mtumishi mzee mshika dini, aliyeigundua siri. Barbara alimlilia, akajidai ametubu. Mzee akaamini, akanyamaza. Bibi akamtilia sumu, na sumu ilipokawia akamziba pumzi kwa mto.

Mnyang'anyi wa njiani wamjua ni adui. Huyu alitumia jina la Mungu kumfunga mzee kinywa! Sisi tumefundishwa kustiri aibu ya mwenzetu, lakini toba ina masharti: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na haki ya mtu irudishwe kwa mwenyewe. Sikuona dhahabu ya mtu ikirudi.

Khalati yangu, niliyeitazama naye, alimtetea mzee. Atajuaje yaliyo moyoni? Nikamwambia, moyo hatuujui, lakini maiti alikuwa na wenyewe, wangeambiwa.

"Waambiwe na nani, mwanangu?" akaniuliza. "Hakimu wa pale si ndiye mumewe?"

Na kweli, Sir Ralph ndiye aliyekuwa hakimu. Mpaka leo hatujapatana.