Yerusalemu Siyo Saa ya Ukutani

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Tunduma nikamkuta mdogo wangu hana pikipiki. Kaiuza. Pikipiki yenyewe ilinunuliwa kwa mkopo wa VICOBA wa mama. Hela karibu yote kaitoa sadaka kwa mhubiri mmoja aliyemwambia kuwa hekalu la tatu linakaribia kujengwa Yerusalemu, unyakuo uko mlangoni, sasa marejesho ya nini?

Msicheke, wanachuo wenzangu. Hata hosteli kuna watu wanafuatilia habari za Yerusalemu kwenye simu kama wanavyofuatilia mkeka: leo bomu, kesho ng'ombe mwekundu, keshokutwa tarehe mpya. Kwamba kule wanaishi binadamu, Wayahudi, Waislamu na Wakristo, wenye watoto wa kupeleka shule, hilo halimo kwenye video.

Na mpaka wetu umeshayaona haya. Miaka ya 1918 na 1919, upande wa pili, wakati huo ukiitwa Rhodesia Kaskazini, wahubiri wa Watch Tower kama Hanoc Sindano walitangaza kuwa mwisho umefika. Watu wakagomea kazi za wakoloni, wengi wakakamatwa. Ila wale walikuwa wametoka kubebeshwa mizigo ya vita isiyo yao. Siwalaumu sana.

Mimi naamini unabii, ndiyo maana naudhika. Fungua Mika sura ya 3. Nabii anasema Sayuni italimwa kama shamba, na sababu anazitaja waziwazi: wakuu wanahukumu kwa rushwa, makuhani wanafundisha kwa malipo, manabii wanatabiri kwa fedha. Kalenda haipo. Ni mji unashtakiwa kwa jinsi unavyoishi. Na huyo nabii wa fedha, jamani, simlengi mtu, lakini mdogo wangu angemtambua.

Utamu uko kwenye Yeremia 26. Imepita kama miaka 100, Yeremia anatabiri hekalu litabomolewa, makuhani wanataka auawe. Wazee wa nchi wanasimama na kumkumbusha kila mtu habari za Mika: mfalme Hezekia alisikia, akamcha Mungu, na mji haukulimwa. Yaani utabiri ule haukutokea zama zile, na hakuna mzee aliyemwita Mika mwongo. Kwao onyo lilikuwa limefanya kazi yake. Kizazi cha Yeremia hakikusikia, na mwaka 586 KK Wababeli wakalichoma hekalu. Kumbe mlango ulikuwa wazi mara zote mbili. Anayekuuzia tarehe anakuambia umefungwa, kaa usubiri, na njoo na bahasha.

Nilimsomea mdogo wangu sura hiyo jikoni, mama akisikiliza. Akanyamaza muda, halafu akaniuliza kama yule mhubiri anaweza kurudisha hata nusu. Sikuwa na jibu. Sasa hivi anapakua mizigo ya watu mpakani, na mama bado anapeleka marejesho kila Jumamosi.