Eafraya ya biharusi isikae kwenye boksi



Wiki iliyopita biharusi mmoja alikuja kuchukua gauni lake. Nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote, vyombo vimeshatimia? Akacheka kidogo. Mama yake mdogo aliyeko Maskati kamletea eafraya, lile jiko la hewa ya moto, lakini mama yake mzazi kasema itabaki kwenye boksi, asije mavyaa akasema wameletewa mke mvivu.

Mimi sikucheka. Nimekaa na jambo hili siku kadhaa, na leo nalisema: kumwambia mwari aifiche zawadi yake ili aonekane anateseka jikoni, huko si kumfunda.

Nichukue chakula kimoja tu, mbatata za kukwaruzwa. Wamarekani wanaziita hashibrauni, wanazila asubuhi kwa mayai, na madukani kwao zinauzwa zimeshakwaruzwa na kugandishwa kwenye paketi. Ndugu zetu wa Uarabuni na Uingereza wameshazizoea. Hapa kwetu ukizikuta kwenye duka kubwa, bei ya paketi moja inakuuma roho. Kwa hiyo mimi natengeneza zangu, na kazi yote naifanya mara moja kwa wiki, nikiwa na nafasi.

Namenya mbatata, nazikwaruza kwa upande wenye matundu makubwa, naziosha mpaka maji yawe meupe. Kisha nazitia kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, naziepua, nazimwagia maji ya baridi. Usiiruke hatua hii. Mbatata mbichi ukizigandisha hivi hivi zinageuka rangi na kuwa nyeusi, halafu utasema mimi mwongo. Baada ya hapo nazikamua kwenye kitambaa safi, na nakamua kwelikweli, kama unavyokamua tui. Nazitandaza kwenye sinia, ndani ya friza, zikishakuwa ngumu natia kwenye mifuko. Zikiingia mfukoni bado laini, utatoa jiwe moja.

Asubuhi yake ndiyo raha. Hazitolewi kuyeyuka. Zinatoka frizani, zinachanganywa na kijiko kimoja cha mafuta na chumvi, zinatandazwa kwenye kikapu cha eafraya kwa unene usiozidi kidole. Nyuzi 200, dakika 10 bila ya kugusa. Unazigeuza kwa mwiko bapa, unaongeza dakika 5 mpaka 8, ukitazama rangi, maana mashine hazifanani. Wanaosema chakula cha eafraya hakina ladha, wengi wao wamejaza kikapu mpaka juu. Ile mashine inapika kwa upepo wa moto unaozunguka. Upepo usipopata njia, mbatata zinachemka kwa mvuke wao wenyewe, zinatoka laini kama uji. Ni kosa la mpishi hilo.

Na umeme? Eafraya ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 inakula nusu uniti. Piga hesabu wewe mwenyewe, upande mmoja nusu uniti, upande wa pili mafuta ya karai.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni zile dakika 10 za bila ya kugusa. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikuwa nasimama mbele ya karai kabla ya alfajiri, nikikaanga hiki na kile, na sala naiswali mbio mbio huku sikio liko jikoni, nikisikiliza mafuta. Alama ya mafuta ya moto iko mkononi mwangu mpaka leo. Nikitoka hapo naingia kwenye cherehani nimeshachoka, na siku moja nilikata mkono wa gauni la mteja kinyume. Kitambaa nililipa mimi. Hakuna aliyenilazimisha, nilidhani ndivyo mke mwema anavyojulikana. Sasa natia mbatata, nabonyeza, naswali kwa utulivu, nikirudi ni za kugeuza. Kwenye daku ya Ramadhani ndiyo usiseme.

Najua nitajibiwa kwa kisa cha Bibi Fatma (r.a.). Mikono ilimuuma kwa kusaga, akaenda kwa baba yake, Mtume (s.a.w.), kuomba mtumishi, akafundishwa zile tasbihi za wakati wa kulala: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34. Masomo wetu wanalitumia tukio hili kumwambia biharusi avumilie, na subira kweli imo. Ila litazame na upande huu: hakuambiwa mvivu kwa kusema amechoka. Sisi mtoto wa watu hata hajalalamika, tumeshamfungia boksi.

Sisemi kila biharusi adai eafraya. Mume asikope kwa ajili yake, na wewe usimnunie. Mbatata hizi hizi kwenye kikaango kipana, mafuta kidogo, ukizibana kwa mwiko, zinatoka vizuri. Ni kusimama tu. Na wala sitakudanganya kwamba inapika kila kitu. Bajia usiitie humo, unga wake wa maji utachuruzika wote chini. Kachori vivyo hivyo. Karai lako libaki.

Na kwa wanaonunua za paketi, au mnaoletewa na jamaa, someni maandishi ya nyuma kabla ya kuzipika. Mbatata ni halali, lakini wapo watengenezaji wanaozipitisha kwenye mafuta kabla ya kuzigandisha, na si kila mara ni mafuta ya mimea. Marekani zipo za mbatata zinazotiwa ladha ya nyama ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hatujui amechinjwaje.

Biharusi wangu gauni ameshalichukua, limemkaa, mashallah. Nimemwambia aitoe ile eafraya kabla ya harusi, anunue kilo moja ya mbatata sokoni, ampikie mama yake chai ya asubuhi kwa mayai na pilipili ya kusaga, wala asimwambie zimepikiwa wapi mpaka sahani iishe.