Idd ya Kuchinja si ya kuombewa ruhusa



Kila Dhul-Hijja ikiingia, simu zinaanza: "Serikali imetangaza?" Mtu nguo ashapiga pasi, lakini angoja notisi ya Waziri wa Usalama wa Ndani kwenye Gazeti Rasmi ndipo ajue kama ataenda kuswali ama kazini.

Sasa sikizeni. Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, ina jedwali lenye mafungu. Idd-ul-Fitr iko fungu la kwanza pamoja na Krismasi na Ijumaa Kuu, Mkenya yeyote anapumzika. Idd-ul-Azha imewekwa kando: ni sikukuu ya Waislamu peke yao, kama Diwali ilivyo ya Wahindu. Notisi ya Waziri ndiyo huifanya ya nchi nzima, kama Jumatatu ile ya 17 Juni 2024. Asipotangaza, wengine wataenda kazini, lakini kwako wewe Muislamu siku hiyo bado ni sikukuu kisheria. Si hisani ya bosi.

Mombasa ama Garissa hili halisumbui sana, mji mzima unajua. Huku Ikonge sisi ni wachache. Jirani mwema kabisa atakuuliza, "Kwani Idd si mlishasherehekea?" Kijana wa kibarua akiomba siku anaonekana mvivu, na mwanafunzi anakuta mtihani umepangwa asubuhi hiyo hiyo ya swala.

Na tusiambiwe ni mambo ya mwezi. Idd-ul-Fitr sawa, tunautafuta usiku ule ule. Azha ni tarehe 10 ya Dhul-Hijja. Mwezi ukiandama, kuna zaidi ya wiki nzima ya kuandika karatasi moja. Tanzania na Uganda wanapumzika Idd zote mbili, na kazi zao hazijasimama.

Kumshukuru Waziri kila mwaka hakutoshi. Kifungu cha 9 cha Katiba kinalipa Bunge uwezo wa kuweka sikukuu kwa sheria. Mnakumbuka Moi Dei? Ilikuwa imeachwa miaka, hadi Mahakama Kuu iliposema mwaka 2017 kuwa bado ni sikukuu kwa sababu haikuwa imeondolewa kwenye sheria. Kilichoandikwa kwenye jedwali kina nguvu. Kwa hivyo wabunge wetu wa Nyamira na Kisii waulizwe waziwazi, na kabla ya kura: mtaihamisha Azha fungu la kwanza ama la?

Mwezi ukiandama tu, andikia bosi au mwalimu mkuu barua, taja Sura ya 110, baki na nakala. Ukikataliwa, tuletee hiyo nakala.