Dada Afike Kabla ya Kidato cha Tatu

Uamuzi mzito kuliko yote katika safari ya kazi ya msichana wa Tanzania hufanywa akiwa na miaka kama 15, na mara nyingi yeye mwenyewe hajui kwamba ameamua chochote. Kwa miaka mingi utaratibu wa sekondari zetu umekuwa kwamba Fizikia na Kemia ni za lazima Kidato cha Kwanza na cha Pili, kisha anayeingia Kidato cha Tatu anaruhusiwa kuziacha. Anayeziacha huonekana amejipunguzia mzigo. Ni nadra kupata wa kumwambia kwamba siku hiyo hiyo ameaga tahasusi za PCM na PCB, kwamba stashahada ya utabibu inadai ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia wa Kidato cha Nne, na kwamba ufadhili wa masomo wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri zaidi katika sayansi Kidato cha Sita, nao umeshampita. Swali la anataka kuwa nani ataulizwa baadaye sana, siku ya mahafali, mbele ya mgeni rasmi.

Toleo hili limebeba hoja moja: kwamba anayefaa kumwambia mambo hayo ni binti aliyemtangulia kwa miaka michache, ambaye sasa yuko kazini na bado anakumbuka alipokosea kujaza fomu. Mgeni rasmi tunamheshimu, lakini njia aliyopita yeye imeshaota nyasi. Hakuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA ili aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, wala hakukesha akisubiri majibu ya udahili kwenye simu. Tena ukubwa wake wenyewe humweka mbali. Mchumi Trang Nguyen alilipima jambo hili katika shule za msingi za Madagaska. Mgeni aliyetoka katika umaskini aliinua alama za watoto maskini waliomsikiliza. Mgeni aliyetoka katika familia yenye uwezo hakubadilisha kitu. Mtoto humtazama mgeni, akajipima naye, na kama hajioni ndani yake, hotuba inaishia mlangoni.

Ushahidi wa karibu zaidi na sisi unatoka Kampala. Mtafiti Emma Riley aliwaonyesha baadhi ya wanafunzi wa sekondari filamu ya Queen of Katwe, inayosimulia maisha ya Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe aliyepata jina kwa mchezo wa sataranji. Wenzao wakaonyeshwa filamu nyingine. Kwa wale wa ngazi ya chini ya sekondari, mtihani wa taifa ulikuwa wiki moja mbele. Miongoni mwao, waliofeli hisabati walikuwa wachache zaidi upande wa walioona maisha ya Phiona, na nafuu kubwa iliwaangukia wasichana na waliokuwa nyuma darasani. Huko India, sheria ya mwaka 1993 ilitenga kwa kura ya bahati nafasi za wanawake katika uongozi wa vijiji. Katika vijiji vya Bengali Magharibi vilivyoongozwa na mwanamke kwa vipindi viwili, pengo la matarajio kati ya vijana wa kiume na wa kike lilipungua kwa asilimia 32, na pengo la elimu likafutika. Ajira za wasichana zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni mtu waliyemwona kwenye kiti.

Hata hivyo kuonekana peke yake hakutoshi, na hapa ndipo ziara nyingi za shuleni zinapopotea. Mwaka wa masomo 2015/2016 wanasayansi wanawake 56 walitembelea shule 98 za Paris na jirani zake, saa moja kwa kila darasa. Wasichana wa mwaka wa mwisho waliojiunga na masomo ya sayansi yenye ushindani, yaliyojaa wanaume, walipanda kutoka asilimia 11 hadi 14.5. Lakini wageni walioeleza kazi yenyewe na manufaa yake walifanikiwa kuliko waliosisitiza jinsi wanawake walivyo wachache katika sayansi. Anayerudia kumwambia msichana kwamba wenzake ni wachache humwongezea hofu aliyokuja nayo. Mgeni amweleze msichana fundi wa maabara anaamka saa ngapi, anashika nini mkononi, analipwaje, na alipata alama gani Kidato cha Nne. Tukiri pia kwamba walionufaika Ufaransa walikuwa zaidi wale waliokuwa tayari na nguvu katika hisabati. Saa moja ina mwisho wake.

Kuna wanaosema msichana hahitaji maneno, anahitaji mwalimu wa Fizikia, maabara, bweni, na choo chenye maji. Ni kweli, na halmashauri itakayotumia ziara za vijana kufunika upungufu huo itakuwa imewadanganya wazazi. Lakini milango inapoongezeka, haja ya maelekezo huongezeka pia. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita shule za serikali imefutwa tangu 2022. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali. Mwaka huo huo tahasusi zikatangazwa kufikia 65, kutoka 16. Wengine husema mwalimu wa ushauri nasaha yupo. Yupo, na ana vipindi vyake vya kufundisha, na pengine ndiye huyo huyo anayesimamia nidhamu. Msichana hamwambii anayeshika fimbo kwamba anaogopa hisabati.

Pingamizi linalouma ni la ajira: tunawatia moyo waende wapi, wakati wahitimu wako mitaani? Jibu letu ni kwamba huyo dada asifiche. Aseme alijitolea kwa muda gani bila mshahara, aliitwa kwenye usaili mara ngapi, na angechagua nini kama angerudi Kidato cha Pili. Habari hizo mgeni rasmi hana. Wala kazi hii isiachiwe moyo wa kujitolea pekee. Shirika la CAMFED, lililoanza Zimbabwe mwaka 1993 na kufika Tanzania 2005, huwarudisha mashuleni mabinti waliopita humo, wakawa na wanafunzi wiki baada ya wiki, na kwa muda wao hupata fursa ya mkopo usio na riba na cheti cha mafunzo. Huo ni mpango wa kuigwa.

Ndugu msomaji uliye katika mwaka wako wa tatu au wa nne kazini, nenda shule uliyosoma. Mwone mkuu wa shule, omba kipindi kimoja cha Kidato cha Pili kila mwezi, na uende na Selform yako ya zamani, ile fomu ya kuchagua tahasusi, kama bado unayo. Upimaji wa Kidato cha Pili hufanyika mwishoni mwa mwaka. Ikifika Januari, majina ya walioacha Fizikia yatakuwa yameshaandikwa.