Ng'ombe 22 mkononi

Eti saa ni mali binafsi ya mtu, kwa hiyo mwandishi wa habari hana ruhusa ya kuuliza kigogo kavaa nini mkononi. Hoja hii nimeisikia sana hapa Bariadi, tena kwa watu waliokwenda shule. Huniambia kwa upole, kama kaka anavyomshauri mdogo wake: dogo, andika habari za maji na barabara, mikono ya wakubwa achana nayo. Ndugu zangu, mimi sikubali.

Kwanza tujue tunazungumzia saa gani. Wengi wetu tukisikia saa ya kitajiri tunafikiria dhahabu inayowaka mpaka mwisho wa ukumbi. Hiyo ni ya washamba wa mjini. Mwaka 1972 kampuni ya Audemars Piguet ya Uswisi ilitoa Royal Oak, saa ya michezo ya chuma kitupu, ikaiuza kwa bei inayozidi saa nyingi za dhahabu. Tangu hapo chuma kimekuwa lugha ya matajiri kusalimiana wao kwa wao. Anayejua anajua. Mkulima wa Itilima aliyekaa mbele kwenye mkutano wa hadhara anaona saa tu, kama ile ya mwalimu wake.

Mimi nimeijaribu kwa mkono wangu. Nilikuwa Nairobi kwa semina, nikaingia duka moja la saa, nikaomba kuvaa Rolex Submariner ya chuma. Kijana wa pale akavaa glavu (jamani, glavu!) akanifunga. Sitasema uongo, ni kitu kizuri. Kina uzito, kifungio kinalia "tik" kama mlango wa gari jipya, na baada ya dakika moja nilikuta najitazama kwenye kioo nimeinua kidevu. Nikauliza bei. Akatabasamu: hii ni ya maonyesho tu, haiuzwi, kama unaitaka acha jina lako, utasubiri. Yaani hata mwenye fedha anapanga foleni!

Bei ya saa ile kwa Marekani inazidi dola 9,000. Tuchukue hizo 9,000, na dola moja shilingi 2,500. Ni shilingi milioni 22 na nusu. Sasa tuhesabu kwa pamba, maana Simiyu bila pamba hakuna hesabu. Bei elekezi ya msimu wa 2019 ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, msimu ule ambao wakulima walikaa miezi wakisubiri malipo yao. Saa moja ni kilo 18,750. Ekari ikikupa kilo 300, na hapo mvua imekubali, unahitaji ekari zaidi ya 62. Palizi, dawa, kuchuma, vyote.

Na unanunua nini? Siyo muda. Mtengenezaji mwenyewe anaahidi tu kwamba haitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Casio ya plastiki, ile F-91W ya betri, haizidi sekunde 30 kwa mwezi. Wanasema pia inazama mita 300 majini. Vizuri, lakini Ziwa Victoria, ambalo mkoa wetu unaligusa kule Busega, halifiki mita 100 hata penye kina chake kirefu kabisa.

Hapa Usukumani utajiri tunaujua. Ni ng'ombe. Tukimweka dume mmoja shilingi milioni moja, mkononi mwa bwana mkubwa kuna ng'ombe 22 na mguu wa wa ishirini na tatu. Lakini ng'ombe 22 huwezi kuwafunika kwa mkono wa shati. Wanapita njiani asubuhi, kijiji kizima kinajua huyu alikuja kwa mahari ya dada, hawa walinunuliwa mnadani. Saa ya chuma haina historia ya namna hiyo, na nadhani ndiyo maana inapendwa.

Halafu sisi wa Bariadi ndio tunaambiwa tusiulize! Mwaka 1995 John Cheyo aligombea urais akiahidi mapesa, mpaka akaitwa Bwana Mapesa. Aprili 2008 Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi wakati huo, alijiuzulu uwaziri baada ya kuibuka habari za zaidi ya dola milioni moja kisiwani Jersey, akaziita vijisenti. Kwa fedha zile hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na hilo lisemwe. Lakini nchi ilizijua kwa sababu watu waliuliza.

Peru, Machi 2024, polisi walivunja mlango wa nyumba ya rais wa wakati huo, Dina Boluarte, wakitafuta saa za Rolex ambazo waandishi walikuwa wameziona kwenye picha. Picha tu. Sisi tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali zake, ila rejista yake mwandishi haifungui kama anavyofungua gazeti. Picha hatujakatazwa kupiga.

Kwa hiyo swali langu kwa waheshimiwa wa mkoa huu ni fupi. Hiyo ya mkononi umeinunua wewe au umepewa? Kama umepewa, na nani, na yeye anataka nini Simiyu?