Weupe au Kahawia

Kuna watu wanaodhani kuwa rangi ya ukuta wa ndani ni jambo dogo, lifaalo kuachiwa fundi na bei ya dukani. Mimi nakataa. Katika mkutano mmoja wa wazazi niliohudhuria palizuka mabishano juu ya vyumba vya kusomea: vipakwe rangi nyeupe au kahawia iliyokoza? Kahawia ilishinda, na hoja iliyoipa ushindi ilikuwa moja tu, kwamba haionyeshi uchafu.

Itazame hoja hiyo, msomaji. Haisemi kwamba kahawia huondoa uchafu, yasema huuficha. Mafuta ya viganja, kamasi na matope hubaki ukutani vile vile, ila sasa hapana jicho la kuyashitaki wala mkono wa kushika kitambaa na ndoo. Nani angemsifu mpishi aliyenunua sahani nyeusi ili asizioshe?

Tena kahawia hutoza kodi kila siku. Ukuta mweupe hurudisha chumbani kama sehemu nane katika kumi za mwanga unaouangukia. Ukuta wa kahawia iliyokoza hurudisha kama moja, na zilizobaki huzimeza. Mtoto aliyeketi dirishani hapungukiwi. Hasara ni ya yule wa kona ya nyuma, hasa siku ya mawingu, katika shule isiyo na umeme. Yeye huinamia kitabu mpaka pua ikaribie karatasi, kisha huambiwa kuwa ni mvivu wa kusoma!

Wazee wa Lamu walilijua jambo hili bila ya kipimo. Vyumba vya nyumba zao za mawe ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na mwanga wake mwingi hutoka kiwandani. Walizipaka kuta chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na chumba cha ndani kikapata fungu lake la mchana.

Nakiri kuwa chokaa huacha unga mabegani mwa anayeiegemea, na kuwa weupe mtupu penye jua kali huumiza macho. Basi sehemu ya chini ipakwe rangi ya mafuta, nyepesi kama maziwa, yenye kustahimili sabuni. Gharama yake huzidi ile ya chokaa, hilo silifichi. Lakini yule aliyesimama mkutanoni akasema kwamba watoto watazoea, namwomba aketi kwenye dawati la kona ya nyuma, jioni moja tu, atusomee kwa sauti ukurasa mmoja.