Unga wa Zambia, shaba ya Katanga

Biashara ya bidhaa kati ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia hupita karibu yote kwenye mpaka wa kusini wa Haut-Katanga. Mlango mkubwa ni Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Sakania, Mokambo na Kipushi ni milango midogo, na Kasenga huwahudumia wanaovuka mto Luapula. Kinachoingia ni mahindi na unga, sukari ya Nakambala, saruji na chokaa ya Ndola, sabuni, vinywaji, na asidi ya salfa inayotumiwa migodini kutoa shaba kwenye mawe. Kinachotoka Kongo na kubaki Zambia ni kidogo, hasa makinikia ya shaba yanayopelekwa kwenye matanuru ya Copperbelt. Shaba iliyokwisha kusafishwa hupita tu, ikielekea bandari za Dar es Salaam, Beira, Durban na Walvis Bay.

Hali hiyo ina umri wa mji wa Lubumbashi wenyewe. Reli iliyotoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, kupitia Sakania. Makaa ya mawe ya Wankie, katika Zimbabwe ya leo, yaliwasha matanuru ya kampuni ya madini ya Union Minière, na makambi ya wafanyakazi yalilishwa kwa mahindi na nyama kutoka mashamba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kinshasa iko mbali zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa ndege, na barabara nzuri ya kuifikia haipo mpaka leo. Mwenye duka wa Lubumbashi anaponunua bidhaa Kitwe hafanyi hivyo kwa kukosa uzalendo, ndiko karibu.

Swali lililozuka upya mwaka 2024 ni kama Kongo ifunge mlango huo ili kulinda viwanda vyake. Serikali ilikuwa imepiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ikalalamika, na tarehe 10 Agosti ikafunga kwa upande wake Kasumbalesa, Sakania na Mokambo. Siku chache baadaye mawaziri walizungumza na mipaka ikafunguliwa. Muda ulikuwa mfupi, lakini ulitosha kuonyesha nani ameshika nini. Kongo, ambayo mwaka huo ilivuka tani milioni 3 za shaba, ilizuia chupa za soda. Jirani akajibu kwa kuzuia njia ya shaba. Hata malori ya Dar es Salaam hukatiza Zambia nzima hadi Nakonde kabla ya kugusa ardhi ya Tanzania. Zambia nayo haikuweza kuvumilia muda mrefu, kwani Kongo ni mteja wake mkubwa kuliko wote barani Afrika, na viwanda vya Ndola na Kitwe havina soko lingine la karibu la ukubwa huo.

Hoja ya viwanda vya Lubumbashi si ya kupuuzwa. Kiwanda kinachoendeshwa kwa jenereta kila umeme unapokatika hakiwezi kushindana na cha ng'ambo, na marufuku hukipa muda wa kupumua. Tatizo ni kwamba muda huo haujawahi kuambatana na umeme. Marufuku bila umeme hupandisha bei ya chupa mezani na kuhamishia biashara kwenye njia za panya, na hazina ya serikali hukosa ushuru pia.

Mahindi ni jambo zito zaidi, kwa sababu bukari, yaani ugali, haina mbadala katika nyumba nyingi za mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Ruashi. Mara nyingi husemwa kwamba unga wa Zambia ni rahisi kwa sababu Wazambia wanajua kulima. Hiyo ni nusu ya habari. Tangu 2002 serikali ya Lusaka imekuwa ikiwapa wakulima wadogo mbolea kwa bei ya ruzuku, na wakala wake wa akiba ya chakula hununua mahindi yao. Mfuko wa kilo 25 unaovuka mpaka juu ya baiskeli umebeba ndani yake fedha za mlipa kodi wa Zambia. Ndiyo maana Lusaka hukasirika unga unapotoroshwa, na ndiyo maana huufungia njia mara mvua inapokataa. Mwaka 2024 ukame ulishusha mavuno ya Zambia kutoka tani zaidi ya milioni 3 hadi milioni 1.5 hivi, Februari yakatangazwa maafa ya kitaifa. Mwaka uliofuata mavuno yalivuka tani milioni 3.6. Mlaji wa Lubumbashi amefungwa kwenye mawingu ya nchi ambayo hapigi kura.

Ardhi haikosekani Haut-Katanga, wala mvua, inayonyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga aliagiza kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Mashamba kadhaa yalilimwa, ila kampuni inayolima kwa kuamriwa huacha amri inapolegea. Mkulima wa Pweto au Mitwaba anachohitaji ni mbolea kabla ya Novemba na barabara ambayo lori linaweza kupita mwezi wa Mei. Kwa kipimo hicho, faranga inayotumika kukarabati barabara ya Kasenga ina faida kuliko marufuku yoyote.

Wanaoumia zaidi kwa sasa ni wachuuzi wadogo, wengi wao wanawake. COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika ambalo nchi zote mbili ni wanachama, ina utaratibu rahisi kwao: bidhaa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa, yenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa, hupita bila ushuru kwa fomu moja na cheti cha asili. Kwa upande wa Kongo, amri ya 28 Machi 2002 iliruhusu idara nne tu mpakani: dwane (forodha), OCC (ofisi ya ukaguzi wa bidhaa), uhamiaji na afya. Meza ni nyingi kuliko hizo, na kila meza ina karatasi yake na bei yake. Mama mwenye ndoo mbili za mafuta ya kupikia akishahesabu, huona porini ni nafuu.

Reli ya Lobito, inayobeba tena madini ya Katanga kupitia Dilolo na Angola, huenda ikapunguza uzito wa Zambia katika usafirishaji wa shaba. Haitaleta unga. Meza ya mazungumzo itakuwa tofauti siku shaba itakapokuwa na mlango wa magharibi huku mahindi yakiendelea kutoka kusini, na Lusaka inalijua hilo: Oktoba 2023 ilitia saini makubaliano ya kutafuta reli yake yenyewe ya kuungana na njia hiyo ya Lobito.